Pumzi ya Kompyuta ya Mgodini

Mume wa shoga yangu mshonaji si mjinga, ila ana mikono isiyotulia. Wanaume wengine hufuga kuku. Yeye hufuga kompyuta kuukuu, zile nzito za kazi ngumu, zisizojali maji wala kuangushwa. Huzinunua zimechoka, akazifungua, akazitia memori na betri mpya.

Hii ilitoka mgodini. Alikuwa akimtengenezea bintiye, mpima ardhi, aliyekuwa asafiri nayo jioni ile.

"Baba, hiyo kompyuta au tofali?" binti alimtania kutoka uani.

"Tofali lina adabu, halina haraka kama wewe. Subiri."

Kilichomkera ni feni. Ilikuwa ikivuta na kushusha kama mzee mwenye pumu. Akaingia nayo stoo isiyo na dirisha, akafungua skrubu zote apanguse vumbi. Ndani hamkuwa na feni. Akajicheka, maana za aina ile huzibwa kabisa, hazina hata tundu la hewa. Akachomoa betri, akatenganisha kila kipande na mwenzake. Sauti ikaendelea kuvuta na kushusha.

Umeme ukakatika.

"Baba, nikuletee tochi?"

Sauti ikanyamaza papo hapo, kama mtu aliyetega sikio.

"Usije, mwanangu. Kaa huko huko."

Lakini viatu vya binti vilishaanza kusikika ukumbini. Ndipo pumzi ile ikaanza tena, taratibu, na haikutoka mezani. Ilitoka mlangoni, upande wa ndani, kwenye kimo cha mtu aliyesimama.