Nyembe Tatu Kwenye Mkebe

Kila Jumamosi asubuhi Levina alifagia uwanja wa nyumba yao hapo Ipuli, akachota maji, kisha akachonga penseli za wiki nzima. Alikuwa darasa la sita. Kwenye mkebe wake alikuwa na nyembe tatu, na wadogo zake Luhende na Kabula walimwonea wivu, maana wao walichongea kisu cha jikoni.

Jumamosi moja Bibi Agnetha alimwita. "Leo watu wazima tunapimwa homa ya ini pale shuleni. Nanyi mje. Beba chai na maandazi."

Levina alibeba chupa ya chai, maandazi na mkebe wake, amalizie kazi ya hesabu wakati wa kusubiri.

Shuleni, wahudumu wa afya walitoboa kidole, wakachukua tone la damu, kisha wakamwita kila mtu hemani peke yake kupewa majibu. Baba mdogo Mayala alitoka, akaketi karibu na mama yake, Bibi Agnetha.

"Mama, nimekutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B."

Luhende alisukuma kikombe pembeni. "Mimi sinywi tena kikombe alichonywea baba mdogo."

"Basi na andazi alilokupa nipe mimi," alisema Kabula. Mayala mwenyewe akacheka.

Muuguzi Revocatus alikuja na fomu yake. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwanza, kula pamoja hakuambukizi. Virusi hivi hupita hasa kwenye damu. Ndiyo maana fomu inauliza: mmewahi kunyoana nyumbani?"

"Tulinyoana mwaka jana tulipomaliza msiba wa babu yao, kama desturi yetu. Niliwanyoa mimi: Mayala kwanza, kisha hawa watoto. Lakini kila kichwa na wembe wake!"

Revocatus akaandika "Hapana" penye swali la kuchangia wembe. Watoto walipimwa pale tu penye sababu, na sasa sababu haikuwapo.

Levina aliutazama mkebe wake. Bibi haoni vizuri. Siku ile kazi ya Levina ilikuwa kufungua wembe mpya kwa kila mtu. Baada ya kichwa cha baba mdogo alitamani zile tatu zilizobaki, akausuuza wa kwanza kwa maji ya sabuni na kumrudishia Bibi. Wembe huohuo ukawanyoa Luhende, Kabula na yeye mwenyewe.

Akisema, Bibi ataaibika mbele za watu. Akinyamaza, wadogo zake watarudi nyumbani bila kupimwa.

Alifungua mkebe, akauweka mezani.

"Daktari, wembe ulikuwa mmoja. Hizi ndizo zilizobaki. Nilizificha nichongee penseli."

Bibi alizipapasa, akazihesabu kwa vidole.

Revocatus hakukaripia. Alikata "Hapana", akaandika "Ndiyo". "Leo tumepima watu mia moja na arobaini, na sita wana virusi. Fomu hizi ndizo zitatuonyesha waliambukizwaje, na chanjo zipelekwe wapi. Jibu lisilo la kweli lingetupotosha. Haya, leteni vidole."

Baada ya robo saa majibu yalitoka: wote watatu walikuwa salama. Kadi za kliniki ambazo Bibi aliagiza ziletwe kutoka nyumbani zilionyesha kuwa Levina na Kabula walikamilisha chanjo wakiwa wachanga. Luhende hakuwa amechanjwa, hivyo alichomwa ya kwanza siku hiyohiyo. Mayala alipangiwa kwenda hospitali ya Kitete Jumatatu, ini lake lichunguzwe na kufuatiliwa.

Nyembe zikatumbukizwa kwenye kisanduku cha sindano zilizotumika.

Njiani Bibi alimshika Levina bega. "Nilisema uongo bila kujua, mjukuu wangu, ukaniondolea. Kuficha wembe lilikuwa kosa. Lakini kosa likisemwa mapema, watu hupata kutibiwa. Likifichwa, linaendelea kuumiza wasiojua. Ulikumbuke hilo hata nitakapokuwa sipo."

"Nitalikumbuka, Bibi."

Jioni walikunywa chai uwanjani. Kikombe kilipozunguka, Luhende alikipokea kutoka kwa baba mdogo, akanywa yote, kisha akalalamika kwamba sukari ilikuwa kidogo.