Ndege Haipitii Nakuru

"Nanasi zimeiva. Ngoliba."

Ujumbe huo wa fumbo, wa kumwita askari haraka kwenye uwanja wa ndege wa Ngoliba, ulimkuta mpelelezi Mwongeli akiwa Ruiru, chai yake haijapoa. Aliiacha mezani. Muda si muda Subaru Forester yake ilikuwa ikiipita Witeithie mbio, bastola ya Glock 19 ikiwa chini ya paja.

Simu ikalia. Waithira, mkuu wake wa kazi.

"Ngigi anamtorosha Fahim na ndege. Ndege ya kumchukua imetoka Kisumu sasa hivi."

Fahim alikuwa dereva wa Ngigi. Aliona bunduki za magendo za bosi wake zikipakiwa, akakubali kutoa ushahidi kortini. Kama angepandishwa ndege hiyo, mkewe Muna angebaki kutafuta maiti.

"Itatua saa ngapi, Madam?"

"Kutoka Kisumu ni kilomita mia tatu na hamsini. Una saa moja na robo. Vijana wangu watakukuta huko. Usiguse kitu kabla wafike."

"Hizo ni kilomita za barabara. Ndege hukata moja kwa moja, haipitii Nakuru, Madam."

"Fuata amri."

Amri hiyo aliijua. Mwaka jana mwenzake, Chege, alipewa hesabu hiyohiyo, uwanja uleule. Alikuwa bado anavaa fulana ya kuzuia risasi ndege ilipomtokea, akapigwa risasi. Walimzika kijijini Murera. Lakini Chege hakunyamaza. Sauti yake ilimjia Mwongeli ndani ya kidude cha sikioni, hata kikiwa kimezimwa.

*Kanyaga mafuta, Mwongeli.*

"Nakanyaga, Chege."

Hakuona haya kumjibu. Alikuwa amechoka kujifanya hasikii.

Alilificha gari nyuma ya vichaka vya miiba, kando ya uwanja wa ndege wa vumbi. Mbuzi walikuwa wakila majani katikati yake. Land Cruiser ya Ngigi ilisimama kivulini. Kwenye kiti cha nyuma alimwona Fahim, amefungwa mikono, kichwa kimeinama.

Ghafla Land Cruiser ikaingia uwanjani ikipiga honi. Mbuzi wakatawanyika.

Mwongeli akashika redio. "Madam, ndege inafika."

"Haiwezi. Bado robo saa."

"Wanafukuza mbuzi."

"Mbuzi?"

"Huku hakuna mtu hufukuza mbuzi kabla asikie ndege. Ukiwafukuza mapema, wanarudi."

"Ngoja vijana, Mwongeli. Hiyo ni amri."

Mngurumo ukasikika upande wa magharibi.

*Mimi nilingoja,* Chege akasema.

Akazima redio.

Ndege ndogo ya Cessna ikatua, ikageuka, tayari kuruka tena. Ngigi akamburura Fahim kuelekea mlangoni. Hapo Forester ikachomoka vichakani na kuugonga mkia wa ndege. Bati likajikunja.

Hairuki tena.

Ngigi akachomoa bastola. Mwongeli alikuwa ameshatoka. Risasi moja, begani mwa Ngigi. Bastola ikaanguka vumbini, na rubani akashuka mikono juu.

Alimfungua Fahim kamba.

"Ngigi alikuwa anacheka," Fahim akasema. "Ati nyinyi mkija, ndege huwa imeenda."

Hata adui aliijua hesabu yao ya barabara. Mwongeli akampa simu. "Mpigie Muna."

Vijana wa Waithira walifika wakati vumbi limeshatulia. Aliwakabidhi Fahim, Ngigi na rubani, akakataa lifti.

"Chege?"

Kimya.

"Chege, tumemtoa."

Mwaka mzima alikuwa ametamani anyamaze. Sasa angetoa chochote amsikie hata akimgombeza. Akachomoa kidude sikioni, akavaa miwani yake ya jua, akaanza kutembea polepole kuelekea Thika.