Vidonge vya Moyo Kwenye Kikapu cha Kahawa

Kule Kanoni, upande wa Bukoba, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Huletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Lakini mwaka 1954, nyumbani kwa mzee Kaijage, kikapu hicho nusura kiue mtu. Jamani, ukarimu gani ule!

Moyo wa Kaijage ulikuwa na tabu. Ulienda mbio, ukasita, ukaenda mbio tena. Daktari wa Bukoba alimpa vidonge, akapata nafuu. Akavitia kikapuni, pamoja na kahawa.

Asubuhi moja alikuja Protase, jirani yake.

"Hata mimi moyo hunidunda nikipanda mlima," alisema Protase.

"Basi dawa hii hapa. Chota, usione haya!"

Protase akachota, akatafuna kama kahawa.

Jua lilipopinda, Kokubanza, mke wa Kaijage, alirudi kutoka shambani na mkungu wa ndizi. Alimkuta Protase uani, anatapika.

"Shemeji, mbona kila kitu ni cha manjano?" aliuliza Protase, kisha akaanguka.

Kokubanza aliangusha mkungu. Akamgeukia Kaijage mlangoni.

"Mume wangu, umempa nini?"

"Dawa yangu. Ningemnyima mgeni?"

"Mama yangu! Unagawa dawa kama kahawa?"

Majirani walimbeba Protase kwa machela hadi zahanati. Dresa Shaaban, tabibu wa pale, alimshika kifundo cha mkono, akatafuta mapigo kwa muda mrefu. Kokubanza akadhani mtu amekwisha kufa.

"Yu hai, lakini mapigo yamepungua mno," alisema Shaaban. "Dawa hii hutuliza moyo unaokwenda ovyo. Ikizidi kipimo, ni sumu; hata macho huona manjano. Gari la misheni limpeleke hospitali sasa hivi!"

Kisha akamgeukia Kaijage.

"Mzee wangu, shikamoo. Dawa ni ya aliyepimwa. Usimgawie mtu. Usiiache kwa kuwa umepona, wala usiongeze ukizidiwa. Na pombe ya ndizi iache, inauchokoza moyo. Moyo ukienda mbio tena, njoo. Ukibanwa kifua au ukizimia, ubebwe upesi."

Kaijage alilia mbele za watu.

Mungu si Athumani, Protase alipona. Siku moja akaja tena kuwasalimu. Vidonge sasa vilikuwa ndani ya kopo, juu darini. Kaijage alileta kikapu. Protase akakitazama tu, mikono magotini. Kaijage akainamisha kichwa kwa aibu.

Kokubanza akachota punje, akatafuna yeye kwanza.

"Karibu, shemeji. Ni kahawa tupu."

Ndipo Protase akanyoosha mkono.