Nywele Zimeota Kabla ya Wakati

"Hebu vua kitambaa."

"Nina baridi, Wembe."

"Vua tu, Fundi. Nikupake mafuta."

Mke akavua huku anaangalia ukutani. Wembe akaweka kiganja utosini kwake, na kiganja kikagoma kusogea.

Sasa elewa, huyu jamaa ni kinyozi. Mtaa mzima unamwita Wembe, na mkewe, fundi wa kushona nguo, anamwita Fundi tangu enzi za uchumba. Dripu za saratani zilipoanza kumng'oa nywele, Wembe ndiye aliyemnyoa zilizobaki. Kichwa kikawa laini kama yai. Halafu ghafla mke akaanza kulala na kitambaa, eti ngozi inawasha, asiguswe.

Leo kaguswa. Na kichwa kinachoma mkono. Vinywele vifupi, vigumu, vimejaa kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji.

"Dripu ya mwisho ulipigwa?"

"Si nilikwambia."

"Nakuuliza tena."

"Nilipigwa. Nilirudi hoi, si uliniona?"

"Nilikuona umelala. Kulala hata mimi naweza."

Fundi akanyoosha mkono achukue kitambaa. Wembe akakikalia.

"Mke wangu, nidanganye kwa kitu chochote, ila kwa nywele utanionea. Hiki kichwa kimeachana na dawa siku nyingi."

Fundi akacheka kidogo, kale kacheko ka mtu aliyebanwa.

"Nimeruka mara mbili," akasema. "Yaani nilikuwa naenda. Nakaa kwenye benchi la nje mpaka wenzangu wanamaliza, narudi nao."

"Na hela niliyokuwa nakutumia?"

Fundi akavuta shuka mpaka kifuani.

"Fundi, hela ilienda wapi?"

Wembe akasimama. Kuna wazo lilimpita kichwani, baya, na badala ya kulimeza akalitema.

"Kuna mtu?"

Mke akamwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Mtu gani atanitaka mimi na titi moja?"

"Mimi si nakutaka."

Alijibu harakaharaka, bila hata kufikiri, na hapo ndipo Fundi akalia. Alilia kwa sauti ya chini, ameushika ule mkono wake uliovimba tangu afanyiwe upasuaji.

Simu yake ikalia mlio wa meseji pale kitandani, katikati yao. Wembe akaisoma kabla haijazima mwanga.

*Wifi, ile ya leo vipi? Wanawake wa kikundi wameshakaa sebuleni kwangu.*

"Dada yangu anakudai nini?"

"Usimpigie, Wembe. Nakuomba."

Ameshapiga. Akaweka sauti kubwa.

"Haloo, mdogo wangu."

"Dada, wewe ndiye unayechukua hela ya dawa ya mke wangu?"

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Umemwandikia sasa hivi."

Dada akavuta pumzi ndefu. "Ile hela ya upasuaji sikuwa nayo. Nilikopa kikundini kwa jina langu, shemeji yako hajui. Sasa wanataka kubeba friji, makochi, kila kitu. Nikamwambia wifi anipunguzie kidogokidogo. Sikumwambia atoe ya dawa."

"Ulidhani anatoa wapi? Cherehani imefunikwa shuka toka mkono uvimbe."

"Sikuuliza." Sauti ikakatika. "Niliogopa kuuliza, mdogo wangu."

"Wifi, usilie," Fundi akasema kwa mbali. "Nilitoa mwenyewe."

Wembe akakata simu. Akakaa chini, mgongo kwenye kitanda.

"Kwa hiyo wewe ufe, friji ya dada ipone."

"Nilikuwa nakuonea huruma wewe. Sikutaka nikuachie kaburi na madeni kwa mpigo. Pikipiki umeuza. Na saluni umeuza."

"Saluni ipo."

"Nilipita pale, baba. Kuna mtu mwingine amepaka rangi mlango, ameandika jina lake. Na wewe kila asubuhi unabeba begi la mashine, unaniaga, 'naenda saluni kwangu.' Kwako wapi?"

Wembe akalisukuma begi la mashine kwa mguu.

"Nanyoa kwa mtu," akasema. "Nusu yake, nusu yangu. Sikutaka ujue."

"Tumekuwa waongo wote wawili humu ndani."

"Mimi saluni nitafungua nyingine siku moja. Wewe nikupate wapi tena?"

Fundi akateleza kutoka kitandani, akakaa naye sakafuni.

Kesho yake asubuhi walikuwa mbele ya daktari. Mwanamke mmoja amechoka, miwani kaipandisha kichwani. Akamgusa Fundi kwapani, akagusa tena, akakaa.

"Mlikatisha."

"Nilikatisha mimi, daktari," Fundi akasema. "Hela ilikuwa na shughuli nyingine."

"Uvimbe umerudi huku. Dawa ile sitaiendeleza, tunabadilisha. Hii nyingine hapa kwetu haipo, mtanunua nje, na bei yake siyo rafiki."

"Itamponya?" Wembe akauliza.

"Sijui. Mngekuja kwa wakati ningekuwa na jibu zuri zaidi." Akamgeukia Fundi. "Mama, ukikwama njoo uniambie umekwama. Wale wa ustawi wa jamii wanaweza kukusamehe vipimo na kitanda. Dawa hawana. Lakini usinikalie kwenye benchi tena."

"Sawa, daktari."

Kwenye korido wakamkuta dada, macho mekundu, pochi kaikumbatia kama mtoto.

"Nimemwambia shemeji yako," akaanza bila salamu. "Kanuna, lakini hajanifukuza. Friji nimeiuza mwenyewe kabla hawajaibeba. Kikundi nimewapa chao cha mwezi huu, kilichobaki hiki hapa, kanunueni hiyo dawa."

"Wifi, na hayo maji ya baridi uliyozoea?" Fundi akauliza.

"Nitakunywa ya vuguvugu, nipungue tumbo."

Wakacheka wote watatu, siyo sana. Dada akamshika Fundi mkono ule uliovimba, akauachia taratibu, akawahi kazini kwake. Wembe akaenda maduka ya dawa. Lile la tatu ndilo lililokuwa nayo, na hela ya friji ikaisha yote pale kaunta, mpaka ikabidi aongeze yake.

Nesi akatundika dripu. Wembe akavuta kiti, akakodolea macho lile tone. Simu yake ikaita.

"Wembe, vichwa vimejaa hapa," bosi akasema. "Unakuja au kiti nimpe mwingine?"

"Nipo hospitali na mke wangu, bosi."

"Pole. Nakusubiri kidogo, zaidi ya hapo siwezi."

Fundi alikuwa amesikia yote.

"Nenda," akamwambia. "Ukikaa hapa, ya awamu ijayo itatoka wapi?"

"Nikienda utaichomoa?"

"Ndicho kinachokukalisha hapo?"

"Ndiyo."

Fundi akafumba macho. Alipoyafumbua hakukuwa na utani.

"Sitaichomoa. Niamini mara hii."

Wembe alisimama, akakaa, akasimama tena. Mlangoni aligeuka, akamkuta anaangalia dripu, siyo yeye. Akaondoka.

Huko kazini alinyoa kichwa cha kwanza, cha pili. Cha tatu akakiacha nusu. Akaweka mashine pembeni, akaandika:

*Bado upo hapo?*

Meseji ikaenda. Hamna kitu. Akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Akachungulia simu. Hamna kitu.

"Kinyozi," mteja akasema, "ndio mtindo wa kisasa, kuniacha nusu kichwa?"

"Samahani, kaka. Dakika moja."

"Kuna usalama?"

Simu ikatetemeka juu ya meza, kati ya chanuo na kopo la poda.

*Nipo. Nilisinzia. Imebaki kidogo.*

Akaisoma mara mbili. Akaigeuza simu kifudifudi, akawasha mashine, akakishika kile kichwa kwa upole mpaka mwenye kichwa akashangaa.

"Inamisha kidogo, kaka," akasema. "Tumalizie."