Mwiba wa Dakika ya Kumi na Saba

Mambo haya hayakutokea usiku wa manane. Yalitokea Jumamosi, mchana kweupe, nyumba ya pili kutoka kwangu, nguo zikiwa kambani na mtu fulani barabarani akihangaika na pikipiki iliyogoma kuwaka.

Fundi wa nyumba ile aliitwa Sindano. Kazi yake ilikuwa kuchukua santuri za watu na kuzihamishia kwenye kompyuta. Mtu akimletea santuri ya kwaya ya marehemu shangazi yake, aliiosha kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, na brashi laini, akaikausha, akaiweka kwenye mashine, akashusha sindano na kukaa kimya mpaka upande uishe. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kila mkwaruzo wa santuri hutoa mlio mmoja mfupi, tak, na kwenye kioo cha kompyuta mlio huo huonekana kama mwiba uliosimama katikati ya muziki. Kompyuta inaweza kuing'oa miiba yote kwa mpigo mmoja, lakini ni sawa na kumpa mbuzi kazi ya kupalilia: atakula magugu, atakula na maua. Sindano aling'oa kwa mkono, mmoja mmoja. Alichokitoa hakukitupa. Alikiweka kwenye faili la pembeni aliloliita Taka, ili mwishoni alisikilize na kuhakikisha hajatupa ngoma pamoja na uchafu.

Alikuwa pia na sheria moja ambayo wateja wake waliichoka kuisikia: nakala ya kwanza haiguswi. Unaihifadhi, halafu unafanyia kazi nakala yake.

Siku ile kazi ilikuwa ya nyumbani. Macho ya mama yake yalikuwa yamefifia mpaka runinga kwake ikawa redio tu, na alichotamani ni kusikia tena santuri ya marehemu mumewe. Ilikuwa roki ya zamani, ile ya progresivu, ambayo wimbo mmoja unakula upande mzima, kinanda kinapanda ngazi na kushuka, filimbi inaingia bila hodi, na ngoma inahesabu saba pale ambapo miguu ya binadamu inataka nne. Marehemu aliipenda kuliko chakula. Kila alipojaribu kuicheza alijikwaa, na nyumba nzima ilicheka.

"Niondolee zile kelele, mwanangu," Mama alisema. "Nataka kuisikia kama siku ile baba yako alivyoingia nayo mlangoni."

Dada yake Sindano, aliyeolewa upande wa pili wa mji, alipopigiwa simu hakufurahi.

"Acha mikwaruzo yetu," alisema. "Kila mmoja una mwenyewe."

Ni kweli, ilikuwa na wenyewe. Ule wa dakika ya nne ulikuwa wa Kitinda, kitindamimba wao, aliyepitisha kigari chake juu ya santuri inayozunguka. Kitinda alifariki kwa homa akiwa na miaka sita. Ule wa dakika ya tisa ulikuwa wa Dada, aliyeruka akicheza, akaangukia kabati lililobeba mashine. Na ule mkubwa, wa dakika ya kumi na saba, ulikuwa wa Sindano mwenyewe. Akiwa na miaka saba aliisukuma sindano kwa kidole apate kuona kutatokea nini, na jina lake likaanzia hapo. Tangu siku ile wimbo ulikwama palepale, ukirudia mapigo yaleyale, mpaka Mama apige kabati kofi moja ndipo sindano iruke na wimbo uendelee. Miaka thelathini alikuwa akilipiga kofi hilo. Hata asubuhi ile, Sindano alipokuwa akirekodi, wimbo ulikwama, na Mama aliyeketi pembeni akainua mkono bila kuulizwa. Pa! Wimbo ukaruka, ukaendelea.

"Bado upo," akasema, akacheka.

Mganga hajigangi. Kazi za watu Sindano alizihifadhi mara mbili, lakini hii ya kwao aliianza moja kwa moja, bila nakala. Alijiambia ni santuri ya nyumbani, itakimbilia wapi?

Kwenye daftari lake aliandika kwa utani: *4:12, Kitinda na kigari chake. Nimeng'oa.* Baadaye: *9:40, Dada na miguu yake. Nimeng'oa.* Alihifadhi kazi, akafunga kompyuta iliyokuwa imepata moto, akaenda kula.

Mezani kulikuwa na sahani mbili. Jumamosi Dada hula kwao, kwa hiyo huwa tatu.

"Dada haji leo?"

"Dada yupi?" Mama aliuliza.

Alicheka. Mama yake alipenda utani. Lakini uso wa Mama haukucheka. Ulikuwa umemgeukia kwa upole, kama anasubiri kutambulishwa mgeni.

"Mama, usinitanie. Dada. Mwanao wa kwanza."

"Mwanangu ni wewe peke yako. Kula, chakula kinapoa."

Alishika kijiko. Macho yake yakaenda ukutani, kwenye picha ya Kitinda aliyopigwa studio, ameketi kwenye kiti kirefu, miguu haifiki chini. Kiti kilikuwepo. Pazia la studio lilikuwepo. Juu ya kiti hapakuwa na mtu.

"Hiyo picha ya kiti," Mama alisema aliposikia kijiko kimetulia na kiti cha mwanawe kikigeukia ukutani, "sijui baba yako aliipigia nini."

Alitoka uani na simu. Jina la Dada halikuwepo. Alibonyeza namba kwa kichwa, namba anayoijua kuliko umri wake. Mwanamume asiyemjua akapokea, akasema namba hii anayo miaka kumi na moja, akakata. Barabarani pikipiki ilikuwa imewaka hatimaye, na watu walikuwa wakishangilia.

Alirudi chumbani. Alifungua kompyuta akatafuta namna ya kurudisha alichokifuta. Hapakuwa na cha kurudisha. Alikuwa amehifadhi na kufunga. Nakala ya kwanza, ile isiyoguswa, haikuwepo. Akaichukua santuri yenyewe, akaiweka chini ya taa, akashika lenzi. Alitafuta mstari wa kigari, mstari ambao tangu utoto aliuona hata bila lenzi. Santuri ilikuwa laini. Hakuna mtoto aliyewahi kuigusa.

Likabaki faili la Taka.

Alivaa spika za masikioni. Tak. Kimya. Tak. Miiba miwili, kila mmoja mfupi kuliko kupepesa jicho. Akafanya anachofanya fundi asipoelewa sauti: aliivuta. Aliupunguza kasi mwiba wa Dada mara mia, mara elfu, mpaka ukawa mrefu wa dakika nzima.

Ndani ya mwiba kulikuwa na chumba.

Alijua ni chumba kwa mwangwi wake. Mtu alikuwa akipapasa ukuta. Gurudumu dogo lilikuwa likizunguka sakafuni, lenye kutu. Kisha pumzi, karibu kabisa na sikio.

"Sindano?" Dada alinong'ona. "Ni wewe? Huku hakuna mlango."

Alivua spika. Akavaa tena.

"Kitinda yuko na mimi," sauti iliendelea. "Amekaa gizani peke yake miaka yote hii. Anamuulizia Mama. Nimwambie nini?"

Sindano alilia. Aliukata mwiba ule kutoka kwenye Taka, akaubandika palepale ulipotoka, 9:40. Akaucheza. Tak. Akakimbilia sebuleni.

"Mama! Dada yuko wapi?"

"Leo una nini?" Mama alisema. "Dada yupi?"

Akarudi. Alibandika tena. Akabandika mara nane. Kila mara ulirudi mlio mtupu, ganda lisilo na kiini, na kila alipouvuta, chumba kilikuwa mbali zaidi. Gurudumu halikusikika vizuri tena. Mara ya nane Dada alisema neno moja tu, na lilikuwa jina la Sindano.

Saa kumi jioni, akiwa ameandika yote yaliyompata, alifunga daftari. Kisha akalifungua, akaandika mstari mwingine. Alikwenda sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akamshika mikono.

"Mama, ukisikia wimbo umekwama, utafanyaje?"

"Nitapiga kabati kofi. Kwani nimezeeka kiasi hicho?"

"Piga kwa nguvu. Usiache mpaka uruke."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Kuna kitu nakwenda kuchukua. Narudi sasa hivi."

Alimbusu mkono. Alitembea hatua zake tisa mpaka chumbani. Mama alisikia kiti kikilia. Alisikia kitufe kikibonyezwa.

Basi.

Mama huyo ni jirani yangu. Jirani mwema, mpweke, hakujaliwa mtoto. Hivyo ndivyo tunavyomjua sote mtaani. Wiki ile alikuja kwangu akipapasa ukuta, daftari mkononi, akaniomba nimsomee, kwani alilikuta kwenye chumba cha nyuma na mwandiko hakuweza kuuona. Haya yote nimeyatoa humo, mengine kwake, na palipokuwa na pengo nimelijaza mwenyewe. Nilipofika kwenye watoto watatu alicheka sana.

"Watatu! Ningewaficha wapi?"

Mimi nimeishi hapa miaka kumi na tisa. Nimepita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni. Simkumbuki fundi yeyote aliyeitwa Sindano, na nimejaribu mpaka kichwa kikauma. Chumba cha nyuma kina kompyuta, mashine ya santuri, chupa ya maji ya betri iliyobaki nusu. Anasema ni vitu vya marehemu mumewe. Nimeitazama kompyuta ile. Imetengenezwa miaka mingi baada ya mumewe kuzikwa. Sikumwambia.

Mstari wa mwisho wa daftari ni huu: *17:08. Wangu. Naung'oa. Nikiingia, wimbo utakwama huko ndani. Mama atapiga kofi, tutaruka wote watatu.*

Aliniomba nimchezee wimbo. Faili nililipata kwa urahisi. Faili la Taka pia lilikuwepo, lakini lilikuwa tupu, na urefu wake ulikuwa sifuri. Muziki ulitoka safi, kinanda kikipanda, filimbi ikiingia bila hodi, bila mlio hata mmoja wa mkwaruzo. Mama aliketi amefumba macho, akitabasamu. Ilipofika dakika ya kumi na saba, mkono wake wa kulia uliinuka.

Pa!

Kabati lilitikisika. Nikaruka.

"Mbona umepiga?"

"Nimepiga nini?" aliuliza. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na aliyafuta kwa pindo la kanga yake kama mtu aliyelowa mvua asiyojua imetoka wapi.

Tangu hapo kila Jumamosi ananiita nimchezee, na kila Jumamosi, dakika ileile, mkono unainuka wenyewe. Siku hizi hapigi mara moja. Juzi alipiga mara tatu, akatega sikio, akapiga tena mpaka kiganja kikavimba na ikabidi nimshike mkono.

Wimbo haukukwama popote. Uliendelea mpaka mwisho, safi kabisa.