Abiria wa Kibirizi

Mwanamke alipopanda, pikipiki haikushuka hata kidogo. Thobias alikuwa akitarajia uzito. Jeremia, rafiki yake wa bodaboda kule Mwanga, alimwonya kwamba abiria wa kwanza humyumbisha dereva. Lakini alichohisi ni mikono miwili ya baridi ikitua mabegani mwake, pamoja na harufu ya tope la ziwa.

"Mama yako anakuja na boti ya nyuma," alisema mwanamke. "Amesema nitangulie. Nipeleke kwenu."

Thobias alikuwa mwaloni Kibirizi, boti zinapotia nanga, kumpokea mama yake, Melania, aliyekuwa akirudi kutoka Mwamgongo. Melania ndiye aliyepaswa kukaa wa kwanza kwenye kiti kile, na baada yake Elida, mke wa Thobias, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika. Pikipiki ilinunuliwa kwa ajili ya safari hiyo ya hospitali. Lakini boti ilichelewa, na Thobias aliona haya kumkatalia mgeni wa mama yake.

"Sijawahi kupakia mtu," alisema. "Shika vizuri."

"Nimeshika."

Kadiri walivyoliacha ziwa, ndivyo pikipiki ilivyozidi kuwa nzito. Walipopita Mwanga, injini ilikuwa ikilia kwa shida, na Jeremia akapaza sauti kutoka kijiweni: "Thobi, huna hata abiria na unapanda kama umebeba saruji!"

Thobias alicheka. Alidhani anataniwa.

Nyumbani Ujiji aliweka stendi, akageuka. Hapakuwa na mtu. Elida alitoka nje, mkono kiunoni.

"Umebeba samaki? Mbona kiti kinachuruzika?"

Thobias alikifuta kwa kitambaa. Kikalowa tena. Shokapu za nyuma zilikuwa zimebonyea, kama mtu bado amekaa.

Jua lilikuwa linazama Melania alipofika kwa bajaji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikumtuma mtu."

Bajaji ilikuwa imeshaondoka. Melania aliugusa ule mpira wa kiti, akaurudisha mkono haraka na kuufuta kwenye kanga.

"Amekaa. Ulimwambia ashuke?"

Thobias hakuwa amemwambia. Katika mtumbwi wa marehemu baba yake, abiria hakuinuka mpaka aliyembeba aseme, "Tumefika, shuka." Aliyeinuka kabla aliweza kuwapindua wote. Hata mtumbwi ulipokwisha kugusa mchanga, watoto walikaa wakisubiri neno hilo.

"Hii ni pikipiki, mama."

"Ni chombo. Mrudishe ulikomtoa."

Hapo Elida alishika mlango, akainama. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. Thobias alimpigia Jeremia aje na pikipiki yake. Simu ilipokelewa, na kilichosikika ni maji yakipiga mchanga, polepole. Akaipiga tena, yakawa maji yale yale.

Alikanyaga kiki. Injini haikuwaka. Ndipo pumzi ya baridi ilipomgusa sikioni, na ile harufu ya tope ikaujaza ua wote, ikaingia hadi jikoni, na sauti aliyoijua ikasema, bila haraka, kama mtu ambaye amekaa chini ya maji muda mrefu kiasi cha kutojali tena kusubiri, kwamba yeye hakuomba kurudishwa Kibirizi, aliomba kupelekwa kwao Thobias, na kwao ni hapa, kwa hiyo kilichobaki ni neno moja tu, na akilisema kiti kitakuwa cha mkewe.

"Usiseme, baba," alinong'ona Melania. "Nitatafuta gari. Nitabisha kwa majirani."

Elida alikuwa amepiga magoti kizingitini. "Sema," alisema. "Thobi, mtoto anakuja. Sema."

Thobias alimtazama mama yake, akamtazama mkewe.

"Tumefika," alisema. "Shuka."

Shokapu zilipanda. Nyayo mbichi zikatokea kwenye vumbi, moja baada ya nyingine, zikampita Melania, zikampita Elida pale kizingitini, zikaingia ndani. Mlango ukajifunga taratibu.

Kiti kilikuwa kikavu, na kiki ya kwanza ikawasha injini. Mikono ya Elida mabegani mwake ilikuwa na joto, na njia nzima Thobias alimwomba asiiondoe.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Melania hakulala tena katika nyumba ile. Alihamia kwa jirani, na hata ua hakuukanyaga.

Siku Thobias alipowarudisha Elida na mtoto kutoka hospitali, mama yake alisimama barabarani, nje ya wigo, akitikisa kichwa. Mlango ulikuwa umefungwa kama walivyouacha. Lakini ua ulikuwa umefagiliwa, na moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Kwenye kamba zilianikwa nepi za mtoto zilizokuwa kabatini, zote zimefuliwa, zikinuka tope la ziwa.

Thobias alisimamisha pikipiki. Nyuma yake Elida, mtoto kifuani, alikaa akisubiri neno. Thobias hakulisema. Alinyoosha mkono kwenye ufunguo ili awashe tena, waondoke.

Mlango ulifunguliwa kidogo.

"Mmefika," sauti ilisema kutoka ndani. "Shukeni. Nileteeni mtoto."