Genoveva na Majivu ya Jirani

Temeke nzima hakukuwa na mwanamke aliyejivunia ua wake kama Genoveva. Ua wa wengine ulikuwa na mchanga, kuku na kamba ya kuanikia nguo. Ua wake ulikuwa na migomba. Machipukizi yake aliyatoa kwao Bukoba, akasafiri nayo kwenye meli, kisha kwenye treni, ameyafunga kwa khanga kama mtoto mchanga. Abiria walimcheka njia nzima. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka wenyewe.

Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanatawala. Mumewe, Leodegar, alikuwa seremala kwenye karakana ya reli. Kila asubuhi mume akishaondoka, Genoveva alijifunga kibwebwe, akaingia migombani. Kwao Bukoba, shina la mgomba haliachwi uchi. Hufunikwa kwa nyasi kavu, nyingi, mpaka mguu unazama. Naye alifanya vilevile. Alikata nyasi bondeni, akazibeba kichwani, akazitandaza ua mzima hadi zikaegemea ukuta wa nyumba ya jirani.

Jirani huyo aliitwa Mauwa. Alikuwa Mwislamu kutoka Kilwa, mjane, na alikuwa akiuza vitumbua barazani kwake. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo. Yeye na Genoveva walisalimiana vizuri, wakaazimana kinu na mchi. Basi, walikaa kwa amani.

Asubuhi moja Genoveva aliamka mapema kuliko kawaida. Alipofungua mlango wa uani alimwona Mauwa ameinama kando ya ukuta wake, karibu na migomba. Alikuwa na kikapu cha majivu. Alikuwa anayamwaga kidogo kidogo, huku midomo yake ikienda mbio kwa kunong'ona.

Genoveva alirudi ndani mbio, akamtikisa mumewe.

"Leodegar! Amka! Mauwa anatuloga!"

"Nini?" Leodegar aliuliza kwa sauti ya usingizi.

"Anamwaga majivu migombani. Tena ananong'ona!"

"Labda anatupa majivu ya jikoni, mke wangu."

"Jaa halipo? Kwa nini aje kuyatupa kwangu? Na wewe huoni majani yalivyoanza kuwa ya njano? Ana wivu yule!"

"Ni jua la kiangazi hilo," alisema Leodegar, akajifunika shuka tena.

Loo, angemsikiliza! Lakini Genoveva alikuwa ameshaamua. Jumapili, baada ya Misa, alimvuta pembeni rafiki yake Jovina. Akamweleza yote, na kidogo akaongeza. Akamaliza kwa kusema, "Lakini usimwambie mtu."

Jovina alimwambia mmoja tu. Huyo mmoja naye akamwambia mmoja tu. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika bombani, na wanawake waliopanga ndoo zao walikuwa hawana mazungumzo mengine. Mauwa mchawi! Mauwa ananuizia majivu! Nani ajuaye anachotia kwenye vitumbua vyake?

Kesho yake wateja hawakuja. Akina mama walipita upande wa pili wa njia, wamewashika watoto mikono. Mauwa alikaa barazani na sinia lake limejaa, vitumbua vikapoa, inzi wakatua. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ikaisha hivyo. Mjane yule hakuwa na kazi nyingine wala mtu wa kumlisha. Watu wakamwona anafunga mikeka yake. Wakasema, anarudi Kilwa.

Na Genoveva je? Alivimba kichwa, tusifichane. Wanawake walimzunguka, wakamwita shujaa, wakamwomba arudie habari ya majivu. Naye alirudia.

Jumamosi alikuja Albano, mwalimu wa dini wa kigango chao, yaani kanisa dogo la mtaa. Alikuwa Mngoni, mtu mpole, mwenye baiskeli iliyolia njia nzima. Alikuwa na desturi ya kutembelea nyumba za waumini. Genoveva alimkaribisha kiti, akampa maji, akamsimulia habari yake kwa madaha.

Albano alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mauwa mwenyewe alikujibuje?"

"Alinijibu nini, mwalimu?"

"Ulipomuuliza habari ya majivu."

"Sikumuuliza."

"Umewaambia wangapi?"

"Mie nilimwambia Jovina tu!"

"Na Jovina?"

Genoveva akatazama chini.

"Mama, Bwana wetu ametufundisha njia," alisema Albano. "Ndugu yako akikukosea, mwendee yeye kwanza. Mzungumze wawili, faraghani. Akikusikiliza, umempata ndugu. Akikataa, ndipo utafute mashahidi. Wewe umeanzia mwisho. Mtaa mzima umesikia, isipokuwa mwenye jambo."

"Lakini Mauwa si ndugu yetu. Ni Mwislamu."

Albano alitabasamu. "Yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, aliokotwa na nani? Kuhani alipita. Mlawi akapita. Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa dini nyingine na kabila lingine. Bwana akasema huyo ndiye jirani. Sasa wewe Mama, wa kwako yupo hapo nyuma ya ukuta."

Genoveva alimsindikiza mwalimu hadi njiani. Aliporudi, hakwenda migombani. Alisimama uani, akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha akajitanda khanga vizuri, akatoka.

"Hodi!"

Sauti ikatoka ndani. "Karibu, kama huogopi nyumba ya mchawi."

Mauwa alikuwa amekaa juu ya mizigo yake. Hakuinuka. Genoveva alikaa chini sakafuni, mbele yake.

"Jirani, nimekuja kukuuliza. Nilipaswa kuja zamani. Yale majivu yalikuwa ya nini?"

Mauwa alimtazama sana. Halafu akainuka, akamshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma.

"Bonyeza hapo," alisema.

Genoveva alibonyeza ukuta kwa kidole. Udongo ulimeguka, ukaanguka. Ndani, fito zilikuwa tupu, zimebaki maganda. Mchwa weupe walikuwa wanakimbia huku na huko.

"Yesu na Maria!"

"Hao ndio niliokuwa nawaloga," alisema Mauwa. "Mchwa hapendi majivu."

"Na kunong'ona je?"

"Nilikuwa nawatukana! Wameila nyumba aliyonijengea marehemu mume wangu. Ungenitaka nifanyeje, niwaimbie?"

Genoveva alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. "Lakini wametoka wapi wote hawa?"

Mauwa alifungua kidirisha cha nyuma. Nje, nyasi kavu za Genoveva zilikuwa zimeegemea ukuta, nene kama godoro. Mchwa alikuwa amejitengenezea njia, kutoka nyasini hadi kwenye miti ya nyumba.

"Ni mimi," alisema Genoveva polepole. "Kumbe ni mimi. Kwetu nyasi hizi hazimdhuru mtu, nyumba zimeachana mbali. Mauwa, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuona unavyoipenda migomba yako. Nikasema, nitamwambiaje mgeni wa watu aondoe desturi ya kwao? Nikanyamaza. Kosa langu ndilo hilo. La kwako unalijua."

"Nalijua," alisema Genoveva. "Nisamehe. Na hiyo mizigo ifungue. Jina lako nililichafua mbele ya watu, na mbele ya watu nitalisafisha."

Jumapili Misa ilipokwisha, waumini walisimama nje kupeana habari kama kawaida yao. Genoveva alipanda ngazi ya kanisa.

Jovina alimvuta gauni. "Shuka! Utajiaibisha bure!"

Genoveva hakushuka. "Ndugu zangu," alisema. "Nilisema Mauwa ni mchawi. Ni uongo. Majivu yale yalikuwa dawa ya mchwa, na mchwa walitoka kwenye nyasi zangu mie. Sikumuuliza. Nilikuja kwenu kwanza, na nyie mkanisaidia kueneza. Mimi nimemwomba radhi. Kila aliyelipeleka neno lile, alifuate huko alikolipeleka, akalirudishe."

Leodegar alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Alimgusa mtu aliyesimama karibu naye, mtu asiyemjua kabisa, akamwambia, "Yule pale ni mke wangu."

Siku ile ile kazi ilianza. Genoveva mwenyewe aliburuta nyasi zote mbali na ukuta, akafagia njia pana katikati, ikabaki mchanga mtupu. Mchwa akitaka kupita hapo, ataonekana. Mauwa alimfundisha jambo jingine. Badala ya kutandaza nyasi juu, Genoveva alichimba mashimo katikati ya migomba, akafukia maganda na majani mabichi, akamwagia maji ya kuoshea vyombo. Leodegar na wanaume wa kigango walitoa fito mbovu, wakaweka nguzo za mkoko, mti ambao mchwa hawautafuni kirahisi. Wanawake walikanda udongo. Jovina alikuwepo, matope mpaka magotini.

Kila kulipokucha, Genoveva alikaa barazani kwa Mauwa, mahali pa wazi, akala kitumbua cha kwanza kabla ya wateja wote. Wateja wakarudi, mmoja mmoja, halafu wengi. Mvua za masika ziliponyesha, ukuta mpya ulisimama imara, na migomba ikatoa majani mapana ya kijani.

Asubuhi moja alikuja mteja mmoja, mwanamke mwenye kinywa kisichojua kupumzika. Akawakuta Mauwa na Genoveva wamekaa mkeka mmoja.

"We Mauwa," alisema, "unakaaje na huyu? Si ndiye aliyekuita mchawi?"

Genoveva hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameshasema lake, na hakuwa na cha kuficha. Mauwa aligeuza vitumbua vyake taratibu, kisha akajibu kwa sauti ya kusikika njia nzima.

"Walioniita mchawi walikuwa mtaa mzima. Aliyekuja kuniuliza, akasimama mchana kweupe akasema amekosea, ni huyu. Na wewe dada, nilikuwa nakungoja. Wewe utakuja lini?"